Ubuyu wa Edmund

Kitabu chenyewe kilikuwa chini kabisa ya boksi, chini ya Biblia za Kiingereza zilizochanika majalada na kitabu cha mapishi cha wazungu. Mchungaji alikuwa amenituma kusafisha stoo ya nyumba ya zamani ya wamisionari, ile yenye kuta nene na baraza la wavu, akaniambia vinavyofaa niviweke kando na vilivyoliwa na mchwa nivichome. Hiki mchwa walikuwa wameonja kona moja tu. Juu kilikuwa na picha ya simba na jina, The Lion, the Witch and the Wardrobe.

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Dodoma, na Jumapili nafundisha watoto wa Shule ya Jumapili. Kitabu nilikimaliza kwa usiku mmoja na nusu. Nilipofika pale Aslan, yule simba, ananyolewa manyoya ya shingoni, anafungwa kamba na kuchinjwa juu ya meza ya jiwe kwa kosa la mtoto mmoja, Edmund, aliyewasaliti ndugu zake, halafu alfajiri anaonekana yu hai, nilikaa kitako kitandani. Huyu si Yesu huyu? Nikajiona nimegundua mgodi. Kumbe mwandishi wake, C. S. Lewis, alikitoa tangu mwaka 1950, na dunia nzima ilishajua zamani, mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kupata habari.

Nikafanya kama mwalimu. Nilinunua karatasi ya manila, nikaipiga mstari katikati: kushoto simba, kulia Yesu, kushoto malkia mbaya wa hadithi, kulia Shetani, meza ya jiwe, msalaba, Edmund, Yuda Iskariote. Jumamosi watoto kumi na saba wakakaa kwenye mikeka chini ya mwarobaini, nami nikaanza na karatasi kwanza, hadithi baadaye, ili wasije wakapotea njiani. Wengine walianza kuchora chini kwa vijiti. Mmoja wa miaka tisa hivi akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Wiki iliyofuata karatasi niliiacha nyumbani. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Nikasoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo, na hapo ndipo shida za kweli zilipoanza.

Theluji, kwa mfano. Nchi ya Narnia imerogwa, baridi haiishi, theluji mwaka mzima na Krismasi haifiki. Nilijaribu kueleza barafu ya kwenye friji, nikaona macho yamelala. Baridi ya Dodoma ni ule upepo wa mwezi wa sita na wa saba. Unavaa sweta, maisha yanaendelea. Tunachokiogopa sisi ni kiangazi: Oktoba, vumbi mpaka kwenye meno, mibuyu haina hata jani, ndoo zimepangwa kisimani tangu saa kumi ya usiku. Na mvua zetu, mwaka zikiwa na heshima, huingia Desemba, kwa hiyo Krismasi na mvua kwetu ni kama mtu na mdogo wake. Nikawaambia: kitabu kinasema theluji, lakini ninyi wekeni kiangazi. Kiangazi hakiishi, na Krismasi haiji. Kimya. Binti mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na mlenda mbichi je?" Nikasema hakuna. Wakaelewa nchi imerogwa.

Halafu ile peremende ya Edmund. Malkia anampa kitu kitamu chenye asili ya Uturuki, kitamu kiasi kwamba ukionja unataka kingine na kingine, na kwa ajili yake mtoto anawauza ndugu zake. Ningeweza kusema halua. Ila kulikuwa na mtoto mbele yangu anatafuna ubuyu, ule mwekundu wa kwenye vifuko vya shilingi mia, nami nikasema ubuyu. Kikao kizima kikaamka. Mmoja akainua vidole vyake vyekundu. "Mwalimu, lakini dada yake si angemwona? Ulimi wake si ungekuwa mwekundu?" Sikuwa na jibu. Kwenye kitabu Edmund anadanganya kwamba hakufika kabisa nchi ile, na mdogo wake Lucy anaonekana mwongo. Tangu siku ile kila Edmund akiongea, mtoto mmoja alikuwa anasema, "Atoe ulimi!"

Sasa niseme lile ambalo sikulipenda. Malkia yule kwenye kitabu anaitwa mchawi, tena mchawi mweupe, na mwandishi anasema uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Nikatafsiri kama lilivyo. "Mchawi Mweupe." Vichwa vikageuka. Havikugeuka vyote, ni vitatu au vinne, na viligeukia mwisho wa mkeka, alipokaa mtoto mwenye ualbino aliyevaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Hakusema neno. Alivuta mikono ya shati mpaka vidole vikaingia ndani.

Uingereza mchawi wa hadithini ni mtu wa kofia ndefu na ufagio, watoto wanamcheka. Hapa neno lile lina makaburi. Tumezika bibi vizee waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Tumezika watu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa sababu mganga fulani alimwahidi mtu utajiri. Na mimi mwalimu wa Jumapili nikayachukua maneno mawili, nikayabandika pamoja, nikayatupa kwenye mkeka.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Alikuwa anachambua karanga, hakuacha kuchambua. Nikaomba radhi, nikaeleza habari za kitabu, nikaeleza tena. Akasema, "Mwalimu, wewe ulisema neno ukafunga kitabu. Yeye ndiye aliyerudi nalo nyumbani." Tangu hapo ni Malkia wa Kiangazi, na uso wake hauna rangi. Mtoto alirudi baada ya wiki mbili. Alikaa mbele.

Kwa sababu hiyo hiyo Harry Potter, yule kijana mchawi wa vitabuni, sijawahi kumpeleka chini ya mwarobaini, ingawa wazazi wawili watatu wenye intaneti wameniuliza. Mimi mwenyewe nilimsoma na mpwa wangu alipokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwenye kitabu cha mwisho, cha mwaka 2007, kijana anakwenda makaburini na kukuta mawe mawili yameandikwa mistari ya Biblia, wa Mathayo 6:21 juu ya hazina na moyo, na wa 1 Wakorintho 15:26 juu ya adui wa mwisho, bila kutajwa umetoka wapi. Na mwandishi, J. K. Rowling, amesema mwenyewe kwamba kufanana na imani ya Kikristo kwake kulikuwa wazi muda wote. Sawa. Lakini shule nzima ya wachawi, na mimi nina ile sura ya mikono ikiingia ndani ya shati? Nimemwachia mpwa wangu.

Mzee mmoja wa kanisa alinishitaki kwa Mchungaji kwamba nafundisha watoto ngano za mazimwi badala ya Neno. Nilimjibu kwa historia, kwa sababu ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Nikamwambia Edward Steere, padri aliyekuja kuwa askofu kule Zanzibar, ndiye aliyekusanya ngano za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1870, nunda mla watu akiwemo, na ni Steere huyo huyo aliyetutafsiria Agano Jipya. Kama askofu alikuwa na nafasi ya nunda, mimi ni nani? Mzee hakuridhika. Alisema maaskofu nao wana mambo yao.

Aliyenishinda kabisa ni bibi yangu mzaa mama, Mnyaturu wa Singida, aliyekuwa amekuja kwetu kutibiwa miguu. Alinisikia nikijisomea kwa sauti barazani, akataka kujua huyo simba anayesema ni simba gani. Nikajibu kwa furaha, nikamletea Ufunuo 5:5, Simba wa kabila ya Yuda ameshinda. Hakufurahi. Akaniuliza, "Nani anamfuga?"

Msomaji wa Singida ameshaelewa. Kwao simba anayefanya mambo ya watu si Yesu. Ni simba-mtu, na simba-mtu ana mwenyewe, mtu anayemfuga ndani na kumtuma usiku kwa adui yake. Si ngano tu: miaka ya 1940 serikali ya mkoloni iliwafikisha watu mahakamani kwa mauaji ya aina hiyo mkoani kwao, na bibi wakati huo alikuwa msichana wa kutumwa maji. Alikua akijua kwamba ukisikia simba anajua jina lako, usiulize atokako, uliza ni wa nani.

Nilitaka kumwambia hii ni hadithi ya Kizungu, bibi, haihusiani. Kisha nikakumbuka kwamba kitabu chenyewe kinasema, tena zaidi ya mara moja kwenye mfululizo ule wa vitabu saba, kwamba Aslan si simba wa kufugwa. Nilikuwa nimeyapita maneno hayo kama mapambo. Nikamwambia, "Hafugwi, bibi. Hana mtu wa kumtuma." Akanyamaza sana, akikanda goti lake. "Basi huyo," akasema, "anatisha zaidi." Na mimi, mwenye manila yangu, miaka yote nilikuwa na Yesu wa kumtuma: kamponye huyu, kaniletee kile, kamnyamazishe yule. Petro naye anamwita Ibilisi simba angurumaye. Biblia ina simba wawili, na bibi ambaye hakusoma hata darasa moja alikuwa na swali la kuwatofautisha, mimi mwenye diploma nilikuwa na mstari wa rula.

Baadaye nilisoma kwamba Lewis mwenyewe hakuanza na mstari. Alisema yote yalianza na picha iliyomkaa kichwani tangu ana miaka kumi na sita, ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi amebeba mwavuli na vifurushi kwenye msitu wa theluji. Simba alikuja baadaye akaivuta hadithi nzima. Wala hakutaka iitwe mafumbo ya kulinganisha hiki na kile. Alisema ni kujiuliza tu, kama kungekuwa na nchi ile, na Mwana wa Mungu akaamua kwenda huko kama alivyokuja kwetu, ingekuwaje? Rafiki yake J. R. R. Tolkien, mwandishi naye, na mwenzetu kidogo kwa kuwa alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliyachukia mafumbo ya kulinganisha hata zaidi, na Narnia yenyewe haikumpendeza. Ndiye aliyetembea na Lewis usiku wa Septemba 1931 pale Oxford wakibishana kuhusu ngano na Injili mpaka usiku wa manane, na siku chache baadaye Lewis akarudi kwenye Ukristo aliouacha ujanani.

Tolkien mimi nilimjua kupitia kibanda umiza. Nilikuwa chuo cha ualimu, tukalipa shilingi mia mia kuangalia filamu ya kitabu chake cha pete, The Lord of the Rings, iliyoingizwa sauti ya Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wanaoongea juu ya filamu mwanzo mwisho. Hakuwa na adabu na maandishi ya mtu. Gollum alipotokea, yule kiumbe mwembamba aliyeibeba pete mpaka ikamla akili, mtafsiri akasema, "Ebwana, muone teja huyu! Teja wa pete!" Kibanda kizima kikaangua kicheko, maana kila mtu alikuwa na wake anayemjua pale stendi. Wasomi wameandika mengi kuhusu Gollum. Sijaona aliyemweleza upesi hivyo.

Kitabu chenyewe nilikuja kukisoma nikiwa mtu mzima, na hakina kanisa wala padri. Tolkien, Mkatoliki hasa, alimwandikia rafiki yake mmoja mwaka 1953 kwamba kazi ile kiini chake ni cha dini na cha Kikatoliki, mwanzoni bila yeye kukusudia, na kwa kukusudia alipokuwa anairekebisha. Dini yenyewe akaizika ndani. Pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku ambayo kalenda ya kanisa inaadhimisha malaika kumletea Mariamu habari, na hadithi inapita bila kukukonyeza. Lakini kilichonikaa mimi si tarehe. Ni kwamba Frodo, yule aliyekabidhiwa pete akaiangamize, anashindwa. Anatembea vitabu vitatu kwenda kuitupa pete motoni, anafika, anasimama ukingoni, anasema haitupi. Anayeikomboa dunia, bila kutaka, ni Gollum anayemng'ata kidole na kuanguka nacho. Na Gollum yupo hai kwa sababu huko nyuma kuna watu walimhurumia wakaacha kumuua.

Nilijua Frodo anashindwa kabla sijajua kwa nini inaniuma. Nilijua mwaka 2016.

Mwaka ule nilikuwa mhazini wa kwaya. Fedha za sare zilikaa kwangu, kwenye kasha la bati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa mmoja. Nilikuwa najenga. Mvua zilikaribia, nyumba haina paa, na fundi alishaniambia matofali yakinyeshewa nisimlaumu. Nilichukua laki tatu nikanunua mabati kumi na mawili. Nitarudisha zabibu zikiuzwa, nikajiambia, na niliamini kabisa.

Zabibu ziliuzwa. Nina kashamba Mpunguzi, mnunuzi alichelewesha lakini alilipa. Usiku nikafungua kasha, nikahesabu laki tatu, nikaweka, nikafunga. Hakuna aliyejua zilitoka, hakuna ambaye angejua zimerudi. Nikakaa kwenye stuli. Nyumba ina paa, haina nondo za madirisha, na mtaa wa jirani walikuwa wameingiliwa na wezi wiki ile. Nikafungua tena. Kufuli lile lina mlio, kak, mpaka leo nikifungua kufuli lolote la namna ile nakumbuka. Nilizitoa zote tatu.

Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye tangu anijue hajawahi kunichekea. Alikuwa anauliza risiti hata ya soda. Mara mbili nilimwomba mwalimu wa kwaya amtoe kwenye kamati kwa kuwa analeta mafarakano, na mara mbili mwalimu alisema, "Mwache tu." Ni mama huyo aliyesimama baada ya mazoezi akataka kasha lifunguliwe mbele ya watu, siku hiyo hiyo, siyo kesho. Sijui kama alifanya kwa upendo, sidhani. Nilisimama mbele ya kwaya nzima, nikasema.

Nimesikia ushuhuda mwingi kanisani wa watu waliotubu. Wangu hauko hivyo. Mimi sikutubu, niling'atwa kidole. Kutubu kulikuja baadaye, polepole, kwa miezi minne ya kulipa, elfu sabini na tano kila mwezi, na kila mwezi mama yule akinihesabia noti mbele yangu na kunipa risiti.

Jumapili iliyofuata siku ile niliposema mbele ya kwaya, mzee wa kanisa, yule yule aliyenishitaki kwa sababu ya mazimwi, alinisubiri nje ibada ilipokwisha. Akasema tutembee. Tulitembea kandokando ya reli ya zamani, yeye na fimbo yake, mimi na mikono yangu isiyo na pa kukaa, mpaka kivuli kikawa chini ya miguu, kisha tukarudi. Wanakwaya walikuwa bado wamesimama vikundi vikundi uani. Akanishika bega akawaambia, "Ndugu yetu ndiye huyu. Ya nyuma tusimwulize tena." Akaomba maji ya kunywa.

Mzee yule hasomi Kiingereza, na Narnia ameisikia kwangu tu, nayo hakuipenda.

Sasa, mle kwenye kitabu kuna aya moja ndogo ambayo raundi ya kwanza chini ya mwarobaini niliiruka, maana haikuwa na mahali kwenye manila. Edmund ameokolewa kwa malkia. Asubuhi ndugu zake wanamwona kwa mbali anatembea na Aslan kwenye umande, wawili peke yao, wanaongea. Mwandishi anasema hakuna haja ya kukueleza simba alimwambia nini, na hakuna mtu aliyesikia, ila Edmund hakuyasahau maneno yale maisha yake yote. Kisha Aslan anamleta kwa wenzake, anasema ndugu yao ndiye huyu, na hakuna haja ya kuongea naye habari zilizopita. Haya yote kabla ya meza ya jiwe. Damu haijamwagika bado, na mtoto ameshasamehewa, ameshashika mkono wa kila mmoja na kusema samahani. Ningeiweka kushoto au kulia mwa mstari?

Mwaka juzi nilianza raundi mpya na watoto wapya. Yule wa kofia pana amekuwa binti wa kidato cha pili, ananisaidia kutandika mikeka, na nikichoka macho yeye ndiye anayesoma. Tulipofika kwenye aya ile nilichukua kitabu mwenyewe. Nikasoma, nikatafsiri polepole, umande nikauacha umande kwa sababu hata Dodoma kuna asubuhi zake. Mkono ukapanda.

"Alimwambia nini?"

"Kitabu hakisemi."

"Kwa nini hakisemi?"

"Yalikuwa ya kwao wawili."

Mtoto, wa kiume, miaka minane labda, alinitazama huku ananyonya kokwa ya ubuyu. Mdomo mzima ulikuwa mwekundu. "Wewe unajua," akasema. "Hutaki kusema tu."

Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa unaofuata.